Baba Yako Alizaliwa Wapi?

Ukumbi wa Karimjee wa Dar es Salaam ulijengwa miaka ya 1950 kwa fedha za familia ya Karimjee, Mabohora ambao wazee wao walihamia Zanzibar kutoka India mapema katika karne ya 19. Oktoba 1961, zikiwa zimebaki wiki chache Tanganyika ipate Uhuru, wabunge walikutana humo, na Spika aliyewaongoza alitoka katika familia hiyohiyo: Abdulkarim Karimjee. Mezani kwake uliwekwa muswada wa uraia. Wabunge walitakiwa kuamua nani atakuwa Mtanganyika bendera ya Mwingereza itakaposhushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba.

Mpaka siku hiyo, kisheria, hapakuwa na raia wa Tanganyika hata mmoja. Nchi ilitoka mikononi mwa Wajerumani ikawekwa chini ya uangalizi wa mataifa, na baada ya Vita Kuu vya Pili ikawa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiwa msimamizi. Sheria ya uraia ambayo Uingereza iliipitisha mwaka 1948 ilimpa mzaliwa wa Nairobi hadhi ya raia wa Uingereza na Makoloni. Mzaliwa wa Tabora au Songea hakupewa hadhi hiyo. Alihesabiwa kuwa mtu aliye chini ya himaya ya Waingereza: analindwa nao lakini si wao.

Muswada ulipendekeza hivi. Mtu mwenye mojawapo ya hadhi hizo mbili, aliyezaliwa Tanganyika, angekuwa raia siku ya Uhuru bila kuomba wala kujaza fomu, mradi mmoja wa wazazi wake, baba au mama, naye awe amezaliwa Tanganyika. Aliyezaliwa hapa na wazazi waliozaliwa kwingine wote wawili asingepata uraia papo hapo, ila angekuwa na miaka miwili ya kuomba kuandikishwa.

Rangi haikutajwa popote katika maneno hayo, lakini kila aliyekuwa ukumbini alijua sharti la mzazi lilikusudiwa kufanya nini. Mhaya wa Bukoba au Myao wa Masasi angepita bila swali, kwa kuwa wazee wake walikuwa hapo tangu enzi. Kijana wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, ambaye baba yake alishuka na jahazi kutoka Kutch na mama yake akafuata miaka michache baadaye, angekwama mlangoni. Lilikuwa chekeche lenye matundu ya ukubwa mmoja kwa wote, na nafaka zenyewe ndizo zilizotofautiana.

Hata hivyo wabunge wengi wa TANU waliona chekeche hilo halitoshi. Walitaka rangi isemwe waziwazi: Mwafrika awe raia kwa kuwa ni Mwafrika, na wengine wangoje. Ni haki kuwaelewa watu hawa, kwa sababu historia iliyoandikwa baadaye imewafanya waonekane wenye chuki tu. Sensa ya 1957 ilihesabu Wazungu wapatao 20,000 na watu wa asili ya Bara Hindi wapatao 76,000, kati ya Waafrika zaidi ya milioni nane na nusu. Kikundi hicho kidogo kilishika mashamba ya mkonge, biashara ya jumla na ya rejareja, na sehemu kubwa ya vyeo vya juu serikalini. Shule zilitengwa kwa rangi, hospitali vivyo hivyo, mishahara vivyo hivyo. Mbunge aliyesoma katika shule ya Waafrika, akalipwa mshahara wa Mwafrika, sasa aliambiwa kwamba siku ya Uhuru rangi haitahesabiwa tena. Aliona wenzake waliofaidika na ubaguzi kwa miaka sitini wakisamehewa kwa saini moja, huku wengi wao wakibaki na pasipoti ya Uingereza kama akiba.

Nje ya Bunge, Zuberi Mtemvu alikuwa amejitoa TANU tangu 1958 na kuanzisha chama chake cha Congress, akidai Afrika kwa Waafrika. Katika uchaguzi wa 1960 chama hicho hakikupata chochote, TANU ikatwaa viti 70 kati ya 71. Lakini hoja iliyoshindwa kwenye sanduku la kura ilikuwa imeingia ndani ya TANU yenyewe, na Oktoba ile ikasimama ukumbini.

Tarehe 18 Oktoba Waziri Mkuu, Julius Nyerere, alisimama kujibu. Watu waliozoea kumsikia akitania na kufafanua kwa upole walimwona akiwa amekasirika. Aliwaambia wenzake wa chama kwamba wanaotukuza rangi wanaongea kama Hitler. Alisema anayeanza kwa kusema watu wote ni sawa isipokuwa hawa, hataishia hapo: kesho atawatoa Wamasai, kisha Wagogo, kisha Waha, kisha wenye wake wengi, kisha Waislamu. Uraia, kwake, ulipaswa kufungwa kwenye utii kwa nchi. Akatangaza kwamba serikali haitawaachia wabunge wapige kura kila mtu kwa matakwa yake. Muswada ukikataliwa, serikali yote itajiuzulu, wiki saba kabla ya Uhuru.

Muswada ukapita. Hotuba hiyo husomwa mpaka leo, na inastahili. Ni viongozi wachache wa bara hili waliohatarisha cheo chao kwa ajili ya watu ambao wapiga kura wao hawakuwapenda.

Lakini macho yote yalipokuwa kwa Wahindi na Wazungu, kifungu kingine kilipita kimya kimya, na hicho ndicho kilichobeba uzito wa miaka iliyofuata. Kilisema kwamba kila mtu atakayezaliwa Tanganyika kuanzia siku ya Uhuru atakuwa raia tangu siku ya kuzaliwa kwake. Hakikuuliza baba wala mama. Waliotolewa ni wachache: mtoto wa balozi mwenye kinga ya kidiplomasia, na mtoto wa adui anayezaliwa mahali palipotekwa vitani. Sharti la mzazi lilikuwa la siku moja tu, la kuvuka kutoka ukoloni kuingia Uhuru. Baada ya hapo, mtoto wa mkimbizi, wa manamba, wa mwenye duka, wote wangekuwa Watanganyika kwa kuzaliwa.

Kanuni hiyo haikubuniwa Dar es Salaam. Mizizi yake iko katika sheria ya Uingereza. Mwaka 1608 majaji wa London waliamua kwamba mtoto aliyezaliwa Scotland baada ya mfalme wa huko kurithi pia kiti cha Uingereza hakuwa mgeni Uingereza, kwa kuwa alizaliwa chini ya utii wa mfalme huyohuyo. Kutoka hapo kanuni ikasafiri na bendera. Ilifika Marekani, ambako mwaka 1898 Mahakama ya Juu iliamua, majaji sita kwa wawili, kwamba Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco, ni Mmarekani, ingawa wazazi wake walikuwa raia wa mfalme wa China na sheria ya nchi iliwakataza kuomba uraia. Majaji wawili waliopinga walisema mtoto hufuata utaifa wa baba yake. Hoja yao haikufa. Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani na mama asiye na kibali au mwenye kibali cha muda, ikiwa baba naye si raia wala mkazi wa kudumu, na mahakama zikalazimika kuusoma upya uamuzi wa 1898.

Turudi Afrika Mashariki. Kenya ilipofika kwenye Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, katiba yake ilichukua mpango uleule. Uraia wa papo hapo ulikuwa wa aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Na kila mtoto atakayezaliwa Kenya baada ya siku hiyo angekuwa Mkenya. Uganda nayo ilikuwa imeweka sharti la mzazi katika katiba yake ya 1962.

Nairobi, hofu ya watu wa asili ya Bara Hindi ilikuwa kubwa kuliko ya Dar. Hesabu ya 1962 iliwakuta karibu 177,000. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliofuata njia ya reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901. Wale ambao uraia haukuwaangukia papo hapo walipaswa kuukana uraia wa Uingereza na kuomba wa Kenya kabla ya tarehe 12 Desemba 1965. Siku hiyo ilipofika, maombi hayakuwa yamefika 20,000. Waliobaki walibeba pasipoti ya Uingereza na kuamini kwamba ndiyo kinga yao.

Haikuwa kinga. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizomtaka asiye raia kuwa na kibali cha kufanya kazi na kumfungia baadhi ya biashara. Familia zikaanza kupanda ndege kwenda London. Bunge la Uingereza likashtuka, na kwa siku tatu tu, likikamilisha kazi Machi 1, 1968, likapitisha sheria iliyomnyima mwenye pasipoti ya Uingereza haki ya kuingia Uingereza kama yeye, mzazi wake au babu yake hakuzaliwa huko wala kupokewa uraia huko. Yaani nchi iliyotuachia sharti la mzazi ililigeuza na kulitumia dhidi ya watu wake yenyewe. Aliyekwama Nairobi kwa kuwa baba yake hakuzaliwa Kenya sasa alikwama pia London kwa kuwa baba yake hakuzaliwa Uingereza. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba kuwabagua watu hao kwa asili yao kulikuwa ni kuwadhalilisha. Wakati huo Idi Amin alikuwa ameshatoa amri yake ya Agosti 1972 na kuwapa Waasia wa Uganda siku 90. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo waliojiandikisha kuwa raia wa Uganda, lakini maofisa wakakataa karatasi zao kwa madai kwamba walichelewa kuukana uraia wa kwanza.

Kisa hicho kinajulikana, na kina vitabu vyake. Kisichosimuliwa vya kutosha ni kwamba sharti la mzazi liliendelea kutafuna watu wengine, ambao hakuna mbunge wa 1961 aliyewafikiria, wala hawakuwa na duka la kufunga wala nauli ya ndege.

Wapemba wa pwani ya Kenya ni mfano wa kwanza. Mvuvi aliyetoka Wete au Micheweni, kisiwani Pemba, miaka ya 1930 kufuata dagaa na nguru mpaka Vanga, Shimoni au Kilifi hakuhama nchi kwa namna yoyote aliyoijua. Ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiukodi na kuutawala kwa niaba yake, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hadi 1963. Mvuvi huyo alitoka nchi ya Sultani akaingia nchi ya Sultani, akaswali msikiti uleule na kusema lugha ileile kwa lafudhi nyingine kidogo. Oktoba 1963 Sultani alikubali kuuachia ukanda huo uunganishwe na Kenya. Miezi mitatu baadaye Mapinduzi ya Zanzibar yakaleta wimbi jingine la Wapemba, safari hii wakikimbia.

Wamakonde ni mfano wa pili. Wao walitoka kaskazini mwa Msumbiji, chini ya Wareno, wakavushwa au wakavuka wenyewe kwenda kukata mkonge na miwa katika mashamba ya Kwale, Kilifi na Taita Taveta. Wengine walifuata katika miaka ya 1960, vita vya ukombozi vilipoanza kwao. Wengine walichonga mpingo wakauza vinyago kwa watalii. Siku ya Uhuru wa Kenya, mkata mkonge wa Kimakonde hakuwa raia wa Uingereza na Makoloni wala mtu wa himaya yake. Alikuwa mtu wa Mreno, na katiba ya Kenya haikumpa mlango wa papo hapo.

Lakini mtoto wake alikuwa na mlango. Aliyezaliwa Kwale tarehe 13 Desemba 1963 alikuwa Mkenya tangu alipolia mara ya kwanza, kwa kifungu kilekile kisichouliza baba. Ndugu zake waliofuata walikuwa Wakenya. Kisheria, jambo lilikuwa limekwisha: katika kizazi kimoja Wamakonde wa Kenya wangekuwa Wakenya, bila Rais yeyote kutia saini chochote.

Mwaka 1985 Bunge la Kenya, la chama kimoja cha KANU, lilibadilisha kifungu hicho. Tangu hapo mtoto aliyezaliwa Kenya angekuwa raia ikiwa tu mmoja wa wazazi wake ni raia siku anapozaliwa. Uingereza yenyewe ilikuwa imefanya mabadiliko ya namna hiyo Januari 1983, ikizingatia pia mzazi aliye mkazi wa kudumu. Tofauti ni kubwa, na hapa lazima nisimame. Waingereza walibadilisha sheria kwa watoto watakaozaliwa baadaye. Kenya ilirudisha sheria nyuma mpaka Desemba 1963. Kijana wa miaka 21, aliyelala akiwa raia, aliamka akiwa hajawahi kuwa raia siku hata moja ya maisha yake. Na kwa kuwa hakuwahi kuwa raia, mtoto wake mchanga naye hakuwa na mzazi raia, na mjukuu wake vivyo hivyo. Mstari mmoja wa sheria uligeuza uraia wa kuzaliwa kuwa uraia wa ukoo, na ukoo usio na karatasi ukawa hauna mwisho.

Sioni neno la kulainisha jambo hilo. Nyerere aliwaonya wenzake kwamba anayeanza na Mhindi ataishia kwa Mmasai. Kenya haikufika kwa Wamasai, lakini ilifika kwa mchonga vinyago wa Kwale na mvuvi wa Shimoni, na ilifika kwa njia ya swali lilelile la mzazi ambalo mwaka 1963 lilionekana kuwa la haki na la muda.

Maana yake ya kila siku inajulikana na yeyote aliyefika ofisi ya chifu pwani kuomba kipande, yaani kitambulisho cha taifa, akiwa na jina lisilofahamika. Kipande ndicho kinachofungua kila kitu Kenya: akaunti ya benki, laini ya simu, kazi, shamba, kura, kuingia jengo la serikali. Asiyekuwa nacho huvua kwa chombo cha mwenye nacho na kugawana naye. Huoa bila cheti. Mtoto wake akifaulu mtihani, hukwama kwenye karatasi za sekondari na za mkopo wa chuo. Wengi walinunua kipande kwa jina la kabila jirani, wakawa Wadigo au Wagiriama wa karatasi, wakiishi na hofu ya siku ofisa mmoja atakapomuuliza mzee wa mtaa.

Kwa wanawake sheria ilikuwa na ukatili wake wa ziada. Mpaka 2010, Mkenya mwanamke aliyejifungua nje ya Kenya hakuweza kumrithisha mtoto uraia wake, ni baba tu aliyeweza. Binti wa Vanga aliyeolewa na mvuvi wa Moa, mwendo mfupi tu kuvuka mpaka, akajifungulia upande wa Tanga, alizaa mgeni.

Na Tanzania? Sisi tulijiona salama, kwa kuwa kifungu chetu hakikufutwa. Sheria ya Uraia Namba 6 ya 1995 inasema, katika kifungu cha tano, kwamba kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu Siku ya Muungano, yaani 26 Aprili 1964, ni raia tangu kuzaliwa kwake, na wanaotolewa ni walewale, mtoto wa mwanadiplomasia na mtoto wa adui. Soma kifungu hicho mara moja au mara kumi, hutakuta humo sharti la mzazi raia. Lakini nenda katika ofisi ya Uhamiaji uombe pasipoti, na swali la kwanza litahusu cheti cha baba. Katika matumizi, nchi imejiwekea sharti ambalo Bunge lake halikuliandika.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wakimbizi wa Burundi wa 1972. Waliokimbia mauaji ya mwaka huo walipewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka msitu, wakalima mahindi na tumbaku, wakalipa kodi, wakazaa. Kwa maneno ya sheria, watoto hao waliozaliwa Tanzania walikuwa Watanzania. Serikali haikuwahesabu hivyo. Ilipoamua kumaliza suala lao, iliwataka waombe tajnisi pamoja na wazazi wao, kama wageni waliofika na meli. Waombaji zaidi ya 162,000 walikubaliwa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kugawa vyeti. Dunia iliusifu uamuzi huo, na ulikuwa wa ukarimu wa kweli, wa aina inayoonekana mara chache popote. Lakini wengi waliopokea cheti siku ile walikuwa wamezaliwa hapa. Walishukuru kwa kupewa kilichoandikwa kuwa chao, na wakaingia katika daraja la uraia ambalo waziri anaweza kulifuta, tofauti na uraia wa kuzaliwa.

Wengine walifikiwa na swali la mzazi wakiwa na mvi. Februari 2001 Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia wa Tanzania. Alikuwa ameshakuwa mkuu wa wilaya na mbunge, na wakati huo alikuwa mwandishi na mmiliki wa magazeti yaliyoikosoa Serikali. Pamoja naye walitajwa Balozi Timothy Bandora na wanasiasa wawili wa CCM. Suala halikuwa mahali alipozaliwa. Suala lilikuwa asili ya wazazi wake. Ilimbidi aombe uraia wa nchi aliyoitumikia, na akapewa. Tangu hapo kila mwandishi wa habari wa mikoa ya mpakani anajua kwamba hati ya kuzaliwa ya babu ni sehemu ya vifaa vyake vya kazi.

Kesi iliyochambua jambo hili kwa kina zaidi ilisikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwanamume aliyezaliwa mwaka 1979 kaskazini mwa Tanzania, mwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kura na pasipoti, alikwenda polisi mwaka 2012 kushughulikia taratibu za ndoa yake. Pasipoti ikazuiwa. Miaka miwili baadaye alipelekwa Kenya kwa madai kwamba si Mtanzania. Kenya ikasema si Mkenya na ikamrudisha. Akabaki Sirari, katika kipande cha ardhi kati ya vizuizi viwili, ambako hakuna nchi inayojibu. Serikali ilishikilia kwamba maelezo kuhusu wazazi wake yalipingana. Machi 2018 majaji waliamua kwamba mtu ambaye dola yenyewe imempa hati za uraia kwa miaka mingi hapaswi kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Anayedai kwamba hati hizo ni za uongo ndiye athibitishe, na kama tatizo ni nani baba, vipimo vya vinasaba vipo. Wakaiagiza Tanzania pia irekebishe sheria yake ili mtu aliyenyimwa uraia aweze kwenda mahakamani, kwa sababu sheria ya 1995 ilifanya uamuzi wa waziri kuwa wa mwisho, usiohojiwa na jaji yeyote.

Majirani wengine walikwenda mbali kuliko mzazi. Zaire ilitoa uraia mwaka 1972 kwa watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950, kisha mwaka 1981 ikaufuta kwa sheria iliyotaka ukoo uliokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885, siku ambayo hakuna aliye hai anayeweza kuishuhudia. Damu iliyomwagika Masisi na Rutshuru katika miaka ya 1990 haiwezi kuelezwa bila sheria hiyo. Uganda, katika katiba yake ya 1995, iliweka orodha ya makabila yaliyokuwamo nchini tarehe 1 Februari 1926, na mzaliwa wa Uganda hupimwa kwa mzazi au babu aliyemo katika orodha.

Kenya ndiyo iliyoanza kurudi nyuma, na ilirudishwa na watu waliodai. Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari wa Kisudani waliopewa eneo hilo na jeshi la mkoloni, walifikisha malalamiko ya watoto wao mbele ya kamati ya Afrika ya haki za mtoto, na Machi 2011 kamati ikaona kwamba Kenya ilivunja haki za watoto hao kwa kuwaacha bila uraia tangu kuzaliwa. Katiba ya 2010 ilikuwa imempa mama haki sawa na baba, na ikamtambua kuwa raia mtoto wa chini ya miaka minane anayeokotwa bila wazazi kujulikana. Kifungu cha kuzaliwa ardhini hakikurudishwa. Badala yake sheria ya 2011 ilifungua dirisha la muda ambalo wasio na utaifa waliokuwamo nchini tangu Uhuru, na vizazi vyao, wangeomba kupitia humo.

Wamakonde hawakungoja dirisha lije kwao. Oktoba 2016 mamia yao walitoka Kwale kwenda Nairobi kudai vipande. Polisi walijaribu kuwazuia njiani, wakaendelea. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, na mwanzoni mwa 2017 akawapelekea vitambulisho Kwale, wakitajwa kuwa kabila la 43. Washona, ambao wamisionari wao walifika kutoka Rhodesia kuhubiri, walifuata Desemba 2020. Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba, kundi linalokadiriwa kufikia watu 7,000. Rais William Ruto aliwakabidhi hati zao Kilifi, na wazee waliovua bahari hiyo tangu utotoni wakashika kipande kwa mara ya kwanza.

Kila kundi limepita kwa jina lake, kwa tangazo lake katika gazeti rasmi la Serikali, baada ya maandamano au ahadi za kampeni. Wapo ambao bado hawajaitwa, miongoni mwao baadhi ya watu wa asili ya Rwanda na Burundi ambao babu zao waliletwa na Waingereza kuchuma chai na kukata miwa. Vitukuu wa wachuma chai hao wamezaliwa Kenya, kwa wazazi waliozaliwa Kenya. Kwa maneno ya mwaka 1963, kila mmoja wao aliyezaliwa baada ya Uhuru alikuwa raia. Kwa maneno ya 1985 hakuna hata mmoja aliye raia, na hakuna Bunge lililowahi kupiga kura ya kurudisha hata mwaka mmoja wa ile zaidi ya ishirini iliyofutwa.